Nguruwe Wanaweza Kuruka

Daftari hili ni mali ya Noa Asheri, karani na mkalimani wa shamba la mkonge la Kwamgundo, njia ya Tanga. Atakayeliokota alirudishe, na kama amekwisha kulisoma asiniambie.

Alhamisi, 1 Machi 1956

Memsahibu amenipa daftari hili na kuniagiza niandike humo kila siku kwa Kiingereza, ili nizoee kabla ya kwenda kuhojiwa Tanga mwezi wa Julai. Nimelipokea kwa mikono miwili. Nimefika nyumbani nimeanza kwa Kiswahili, maana mambo yangu nikiyasema kwa Kiingereza hutoka kama ombi la ruhusa. Misemo yao nayo nitaigeuza neno kwa neno, nione inavyochekesha.

Kazi ninayoitaka ni ya ukalimani mahakamani. Memsahibu anasema Kiingereza changu ni cha vitabuni, na kwamba Waingereza wenyewe wakiwa wamekaa wanaongea hawasemi hivyo. Kwa hiyo kila Alhamisi, kazi ikiisha, nakwenda barazani kwake kufundishwa misemo ya kawaida.

Leo nimepata miwili. "Kumvuta mtu mguu" ni kumtania. "Kupiga ndoo teke" ni kufa. Nilimwuliza ndoo ina uhusiano gani na maiti, akasema hata yeye hajui, wala kwao hakuna anayeuliza. Naye akataka mmoja wa kwetu. Nikampa "mkono wa birika", mtu mchoyo. Akaitazama birika ya chai mezani, akacheka mpaka akajifuta macho.

Ni mama mwema. Mumewe ndiye Bwana meneja, ambaye kambini humwita Bwana Tosha, kwa kuwa Kiswahili chake chote ni "tosha", "upesi" na "kesho". Ndiyo maana nina kazi.

Ijumaa, 2 Machi

Mkanda wa kinu cha mkonge umekatika asubuhi. Kristofa, fundi wa kinu, akapanda juu ya jukwaa na kutangaza kwamba kinu kimepiga ndoo teke. Jana jioni tu nilimweleza. Kufika alasiri kambi nzima ilikuwa inasema hivyo, hata juu ya sufuria zilizotoboka.

Jumanne, 6 Machi

Joto. Hakuna jipya.

Alhamisi, 8 Machi

"Mvua ya paka na mbwa" ni mvua kubwa. "Mkate u tanurini" ni mwanamke mwenye mimba; memsahibu alinionya nisiutumie mbele ya jaji.

Jioni nimekaa mlangoni kwa Kristofa kama kawaida. Yeye ni Mshambaa wa Mlalo, na chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja ambao haufiki juu, kwa hiyo siri zetu hazina haja ya kusimuliwa. Mkewe Bertha anatazamia mwezi wa Mei. Nilipoueleza ule wa mkate Kristofa alijipiga paja. Bertha akaniambia, "Shemeji, mwambie huyo memsahibu wako tanuri limechoka kusimama."

Tulicheka, lakini nilimwona Kristofa anamtazama mkewe tumbo. Mimba ya kwanza iliharibikia hapa hapa kambini wakati wa kujifungua. Mwanamkasi, mkunga wetu wa Kidigo, alimwokoa Bertha kwa taabu kubwa, na daktari akasema safari ya pili asijifungulie mbali na hospitali. Kwa hiyo Kristofa amekusudia kumpandisha Mlalo kabla mvua hazijafunga njia, akae kwa mama yake, karibu na hospitali ya misheni. Bertha hapendi kumwacha mume peke yake miezi miwili. Wanabishana taratibu, nami ukutani nasikia.

Alhamisi, 15 Machi

"Nguruwe wanaweza kuruka." Mtu akikuambia jambo lisiloweza kuwa kamwe, mathalani mlevi akisema kesho anaacha pombe, unamjibu hivyo. Kwa maneno ni kama kukubali, kwa maana ni kukataa kabisa, tena kwa dhihaka. Memsahibu alinitungisha sentensi mpaka niliposema bila kusita. Mumewe alipita akasikia, akanisifu.

Jioni Kristofa aliuliza cha leo ni kipi. Mzee Shaame alikuwepo, anakunywa kahawa na sisi. Huyu ndiye mzee wa kambi, Mpemba aliyeacha karafuu za kwao akiwa kijana, na sijaona mtu mwenye adabu ya kinywa kumzidi. Sikuona haja ya kumtajia mnyama yule juu ya kahawa yake. Nikatoa mwingine: "kupata miguu ya baridi", yaani kuogopa jambo dakika ya mwisho. Mzee Shaame akasema yeye miguu yake ni ya baridi tangu aje bara, yakhe, na dawa yake ni mafuta ya nazi.

Jumatano, 21 Machi

Wazee wa kambi wamekubaliana kumwendea Bwana. Wanataka lori liruhusiwe kuwapeleka hospitali wanawake walioshikwa na uchungu mgumu, bila kungoja cheti cha ruhusa cha Bwana. Maneno yametoka kwa Kristofa. Lori likipatikana, Bertha hana haja ya kupanda Mlalo. Nitakalimani mimi.

Nimemkumbuka baba. Mzee Asheri alikuwa mshenga, na nchi nzima ya Bonde walimwita. Alikuwa akipeleka posa na kurudisha majibu, na haijapata kusikika kwamba neno chafu lilipita kinywani mwake. Mama wa binti akisema kijana ana miguu kama mpini wa jembe, baba alifika kwa wazee wa kijana akasema binti bado yuko mdogo. Watu wakabaki wanaamkiana. Mimi nimeurithi ukalimani kutoka kwake kuliko kutoka shuleni.

Jumamosi, 24 Machi

Leo baada ya kugawa posho tumeingia ofisini kwa Bwana. Mzee Shaame mbele, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, Kristofa nyuma yake, mimi pembeni ya meza. Mzee alianza mbali, kama desturi yao. Akamwuliza Bwana hali, akamwulizia memsahibu, akaisifu barabara iliyochongwa mwaka jana. Hayo niliyafupisha, maana Bwana alikuwa anagongagonga kalamu. Kisha akafika penyewe. Masika inakuja, bonde litajaa tope, wanawake wanajifungulia chini na wengine wanapotea. Mkunga akiona mambo si mambo, dereva awe na ruhusa ya kuondoka papo hapo, kwani Bwana mara nyingi yuko mbali mashambani.

Nilitafsiri vizuri kuliko siku zote. Bwana alisikiliza mpaka mwisho, akaegemea kiti, akatabasamu. Akasema lori lake ni la mkonge. Akitoa ruhusa ya namna hiyo, kesho kila mwenye kuumwa tumbo atataka kwenda mjini kutembea. Halafu akanigeukia mimi, akanikonyeza, akasema nguruwe wanaweza kuruka.

Nilielewa papo hapo. Nikageuka. Mzee Shaame ameinamisha kichwa anangoja, Kristofa ameikunja kofia yake mkononi. Wote wawili walikuwa wameona tabasamu na ule ukonyezo, na nyuso zao zilikuwa zimekwisha kuchangamka. Ningesemaje? Nimtajie mzee wa Kiislamu nguruwe, ofisini, mbele ya mzungu, kuwa ndiyo jibu la ombi la wanawake wanaokufa? Nikasema, "Bwana anasema lori lina kazi nyingi, lakini katika dunia hii lolote laweza kutokea."

Mzee Shaame akasema alhamdulillahi. Kristofa akatoa mkono, Bwana akaupokea kwa kuwa ulikwisha kunyooshwa, akasema "tosha, tosha", tukatoka.

Nje Kristofa aliniuliza kama ndiyo amekubali. Nikamwambia, "Umemwona mwenyewe alivyocheka."

Hakuna aliyetoka mle ndani amevunjiwa heshima. Baba angenisifu.

Jumapili, 25 Machi

Sikukuu ya Matawi. Bertha hapandi Mlalo. Kristofa ameniambia tukitoka ibadani, kwa furaha, tena akanishika bega. Nikamwambia kwenda kwa mama si jambo baya, lori lisimzuie. Akasema, "Miezi miwili nile ugali wa kuungua, na lori lipo?" Sikuendelea.

Alhamisi, 29 Machi

Memsahibu aliuliza wazee walikuja kwa shida gani. Nikasema mambo ya kambi. Tukaendelea na "nusu dazani ya hiki na sita ya kile", ambayo maana yake ni mamoja.

Jumapili, 1 Aprili

Pasaka. Mvua ya kwanza ya masika imenyesha tukiwa tunaimba, na bati likameza wimbo wote.

Jumanne, 3 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 6 Aprili

Mvua. Paka na mbwa wote wameanguka. Mzee Shaame anauliza ni nani atakayewaosha.

Jumanne, 10 Aprili

Maneno yangu yamekuwa msemo. Leo mkata mkonge mmoja alimwomba mwenzake tumbaku, mwenzake akamjibu, "Lolote laweza kutokea," akampa. Huku kambini sasa maana yake ni ndiyo. Nimewafundisha misemo ya kizungu tangu Machi, na uliowakaa zaidi ni huu nilioutunga mwenyewe.

Alhamisi, 12 Aprili

Ramadhani imeanza. Nimejifunza "kumwaga maharagwe", yaani kutoboa siri. Jioni Kristofa aliuliza cha leo, nikasema memsahibu alikuwa na wageni.

Alhamisi, 19 Aprili

Mvua zimepumzika siku mbili na njia inapitika. Nikaamua leo namweleza Kristofa. Nilipanga maneno njia nzima kutoka kwa memsahibu. Nitamwambia Bwana hakusema wazi wazi, ni afadhali Bertha apande wiki hii, gari moshi linafika Mombo, na huko yuko shemeji yake wa kumpokea.

Nikamkuta Bertha peke yake anachambua maharage, miguu imevimba, ameiweka juu ya gunia. Akanikaribisha. Nikamwuliza kama hataki kwenda kwao angali anaweza. Akasema, "Shemeji, kwani wewe hukuwepo? Bwana si amesema?" Akanipa bakuli la makande, mazuri sana, yana nazi. Mpaka Kristofa anarudi nilikuwa nimekwisha kula. Mtu akishakula makande ya watu ataanzaje?

Miguu ya baridi. Sasa najua Waingereza walichokuwa wanakisema.

Jumatatu, 23 Aprili

Mvua imerudi. Njia ya Tanga lori linapita kwa kusukumwa.

Jumamosi, 28 Aprili

Nimempaka Kristofa mafuta kwa mgongo wa chupa. Msemo huo ni wetu, sikuhitaji kufundishwa na mtu, na umekuwa ukinizunguka kichwani tangu asubuhi. Labda Bertha atajifungua salama kwa mikono ya Mwanamkasi, na mambo yatapita yenyewe. Wanawake wangapi wanajifungua salama. Naomba hivyo.

Jumamosi, 5 Mei

Jana sikuandika. Leo naandika yote.

Bertha alishikwa na uchungu juzi jioni. Jana asubuhi Mwanamkasi alitoka chumbani, akamwambia Kristofa mtoto amelala kingamo, hakutanguliza kichwa, na yeye hawezi kumgeuza, waite lori. Kristofa akakimbia mpaka kwa Massoud, dereva. Massoud akasema bila cheti haondoi lori, na Bwana amekwenda mashamba ya mbali kutazama mitaro iliyofurika. Kristofa akamwambia ruhusa ilikwisha kutolewa tangu Machi. Massoud akasema habari hiyo ameisikia kambini kama watu wengine, lakini yeye hajaambiwa kitu na mkubwa wake. Hapo wakaja wote wawili ofisini kwangu, wanachuruzika maji.

"Noa, mwambie," alisema Kristofa. "Mwambie Bwana alivyosema."

Nilifungua kinywa. Nikisema Bwana alikubali, Massoud ataondoa lori kwa neno langu na kesho hana kazi. Nikisema hakukubali, nimeutoboa uongo wangu mbele ya Kristofa, saa ile ya kufa na kupona. Nikawaambia wangoje, nikakimbia mvuani kwenda kwa memsahibu.

Alikuwa anashona mapazia. Nilimwambia kwa Kiingereza kisicho na pambo kwamba kuna mwanamke atakufa, naye anahitaji lori. Hakuniuliza swali. Aliacha mapazia sakafuni, akashuka uwanjani bila kitu kichwani, akamwambia Massoud kwa Kiswahili chake kibovu, "Peleka mama. Sasa hivi. Mimi nasema."

Ilikuwa rahisi hivyo. Ningaliweza kumwomba Alhamisi yoyote tangu Machi, juu ya chai. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, nami sikuwahi kulifikiria hata mara moja, kwa kuwa kumwomba kungekuwa kukiri kwamba mumewe alikataa.

Tulimlaza Bertha nyuma ya lori juu ya magunia, chini ya turubai, Mwanamkasi akimshika. Bondeni tope likameza magurudumu. Wanaume tulishuka tukasukuma, tukakata matawi tukatandika, tukasukuma tena. Bertha mwanzoni alikuwa analia kwa Kishambaa anamwita mama yake. Baadaye akanyamaza, na Mwanamkasi akatoa kichwa nje ya turubai akatuambia, "Sukumeni msichoke, mwanangu Kristofa, msichoke." Tukafika Tanga watu wanatoka sala ya alasiri.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alitolewa amekwisha kufa.

Daktari alikuja ukumbini. Hakujua Kiswahili cha kutosha, akauliza ni nani anayeweza kutafsiri, na Kristofa akanisogeza mbele kwa mkono wake mwenyewe. Daktari alisema kwa maneno makavu, bila msemo wowote. Mama atapona. Mji wa mimba ulipasuka, wameutoa. Hatazaa tena. Nilitafuta pa kulainisha nikakosa. Nikayafikisha kama yalivyo, neno kwa neno, nikimtazama Kristofa kifuani maana usoni sikuweza. Kristofa akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Ahsante, ndugu yangu."

Jumatatu, 7 Mei

Tulimzika mtoto juzi. Kristofa amerudi kinuni leo. Hasemi na mtu.

Alhamisi, 10 Mei

Sikwenda kwa memsahibu.

Jumamosi, 12 Mei

Idi. Mzee Shaame ameniletea sahani ya pilau. Akaniambia Kristofa anataka kumwendea Bwana amwulize kwa nini alivunja ahadi, na kwamba wote wawili wananitegemea mimi. Kambi nzima sasa inamchukia Bwana Tosha. Wakipita mbele ya nyumba yake hawamwamkii. Nami namwona anashangaa, maskini, hajui amefanya nini kipya.

Niliila pilau kwa sababu Mzee alikuwa ananitazama.

Jumatano, 16 Mei

Bertha alitoka hospitali jana. Nimemsikiliza ukutani usiku kucha, hakulia. Nilizoea kuwasikia wakibishana.

Jumamosi, 19 Mei

Kristofa aliingia ofisini peke yake. Mzee Shaame alibaki nje, kwa vile aliona ni jambo la mwenye msiba. Bwana aliinuka akampa pole kabla hajaambiwa kitu, na nikaitafsiri.

Kristofa akasema, "Mwambie sikuja kuomba. Alitupa neno hapa hapa, mke wangu akakaa kwa neno lile. Nataka aniambie kwa nini hakumwambia dereva."

Nilitafsiri bila kupunguza. Bwana akakunja uso. Akasema hakumpa mtu neno lolote. Alisema nguruwe wanaweza kuruka, na kila mtu anajua maana yake, na mimi naijua kuliko wote maana nilifundishwa nyumbani kwake. Kisha akaniuliza niliwaambia nini.

Sikumjibu yeye. Nilimgeukia Kristofa.

"Bwana hakukubali," nikamwambia. "Alikataa siku ile ile. Alisema kwa msemo wao wa nguruwe, maana yake kamwe. Mimi ndiye niliyewaambia lolote laweza kutokea."

Akanitazama. "Ulijua maana yake?"

"Nilijua."

"Siku ile ile?"

"Tangu Alhamisi ya wiki ya kabla yake."

Nikaanza kumweleza. Mzee Shaame alikuwepo, nilichelea kumtajia mnyama yule, niliona aibu, sikutaka watoke wamevunjika moyo. Niliyasema yote kwa haraka, na kadiri nilivyoyasema ndivyo nilivyoyaona yanavyopungua. Kristofa akaninyamazisha kwa mkono.

"Noa, neno hapana lina nguruwe ndani yake?"

Akavaa kofia yake, akamgeukia Bwana, akamwambia kwa Kiswahili anachokijua Bwana huyo, "Tosha, Bwana." Akatoka.

Bwana hakunifukuza. Afadhali angenifukuza. Alisema pole pole kwamba yeye alidhani alikuwa anatania tu, na kwamba angejua kuna mwanamke ambaye daktari amekwisha kumwonya, labda angejibu vingine. Hakuambiwa habari za Bertha. Mzee Shaame alizungumza juu ya wanawake wote, kwa adabu, na mimi niliyezijua habari za Bertha sikuziongeza, kwa kuwa mkalimani haongezi. Siku ile niliikumbuka sheria hiyo moja tu.

Jumapili, 20 Mei

Ukutani kimya. Wananong'ona sasa, ili nisisikie.

Jumapili, 27 Mei

Nimekwenda Mkuzi kwa baba. Nilimkuta anatia jembe mpini na mpini unamkataa. Nilimsimulia yote, nikitegemea kwamba yeye angalau ataona niliiga kwake.

Hakupendezwa hata kidogo. "Mimi nilifikisha hapana nyingi kuliko ndiyo," alisema. "Nilizunguka, nilisifu ukoo, nilikula chakula chao. Lakini sikuondoka mpaka aliyekataliwa amejua kwamba amekataliwa. Wewe ulifikisha nini?"

Nikasema sikufikisha kitu. Akaniambia nimshikie jembe vizuri, mbona mikono yangu imekuwa laini hivyo. Tukaumaliza mpini, nikala, nikaondoka.

Alhamisi, 31 Mei

Tangazo limebandikwa ukutani mwa ofisi. Mwanamke mwenye uchungu mgumu apewe lori saa yoyote kwa neno la mkunga, bila cheti. Najua limetoka kwa memsahibu. Nililitafsiri mimi, na nikalisoma kwa sauti mbele ya watu waliopanga foleni ya posho. Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja nyuma aliuliza kama hivyo ndivyo lilivyoandikwa hasa, na wengine wakangoja nijibu.

Kuhojiwa Julai sitakwenda. Mkalimani wa mahakama huapishwa kwanza.

Jumatano, 6 Juni

Wamehama leo asubuhi, wanarudi Mlalo moja kwa moja. Massoud amewachukua mpaka kituo cha gari moshi. Nilisimama mlangoni kwangu. Bertha alipita na kitanda cha kamba kichwani, akasema, "Haya, shemeji," kama mtu anayekwenda kisimani. Nilisema nimsaidie, akasema si kizito. Kristofa alikuwa amekwisha kupanda mbele, anatazama kinu.

Alhamisi, 7 Juni

Memsahibu ameniita nipite kwake. Nikaenda kumrudishia vitabu vyake. Aliniuliza kama daftari limenisaidia. Nikamwambia limejaa.

Ijumaa, 8 Juni

Mvua imekatika, na bonde limeanza kukauka. Mzee Shaame amekuja baada ya sala ya Ijumaa, tukakaa mlangoni kwangu kwa kuwa mlango wa jirani umefungwa. Nilimpikia kahawa mimi mwenyewe, si nzuri kama ya Bertha, naye akaisifu.

Akaniambia Kristofa alipita kwake kumuaga. "Amekusalimu sana," akasema. "Anasema hana kinyongo nawe, ni mambo ya Mungu, na ukipata safari ya Mlalo ufike kwao."

Nilifurahi mpaka macho yakanilowa. Kisha nikamwuliza, "Alisema hivyo, mzee? Kwa maneno yake mwenyewe?"

Mzee Shaame aligeuzageuza kikombe mkononi. "Ndivyo alivyosema, mwanangu," akajibu, akaniuliza kama naona mihogo ya mwaka huu itafaa.

Nilimtazama. Kanzu ya Ijumaa, kichwa kimeinama kwa adabu, macho yapo kwenye kikombe. Namna ile ya kusema naijua, nimeifanyia kazi miaka sita. Nikamshukuru, nikammiminia kahawa nyingine, nikamwambia mihogo itafaa. Kristofa alisema nini, sijui.